Kabla ya Kushuka Kitonga: Kutunza Breki za Lori la Mzigo

Lori likianguka mlimani, habari inayofika kijiweni ni ile ile: breki zilikatika. Husemwa hivyo kana kwamba breki zilikuwa nzima lori lilipopita Ilula, kabla ya mlima wa Kitonga, zikafa zenyewe kwenye kona ya tatu. Mara chache sana huwa hivyo. Breki za upepo zimetengenezwa makusudi zisimwache dereva mikono mitupu. George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo ya treni huko Marekani mwaka 1869, na miaka michache baadaye akaibadilisha ili upepo ukipotea breki zijifunge badala ya kuachia. Lori lako linafuata wazo hilo hilo kwa kutumia springi nzito zilizofungiwa ndani ya busta za nyuma.

Kwa hiyo breki za lori hazifi bila kutoa taarifa. Hutoa taarifa kwa siku nyingi, pengine kwa wiki: geji inayochelewa kupanda, upepo unaolia chini ya tela usiku kila kitu kinaponyamaza, dramu moja iliyo baridi wakati wenzake wanaunguza. Mwongozo huu unahusu kuzisoma taarifa hizo mapema. Nimemwandikia dereva kwanza, fundi wa pili. Tajiri naye asome, maana humu yamo mambo ambayo dereva hawezi kuyafanya bila ruhusa yake na fedha yake.

Joto ndilo linaloua

Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na mzigo wake kufika tani 56. Chukua lori la uzito huo, limebeba shaba kutoka Zambia au Kongo, limevuka Tunduma na sasa linashuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni. Kwa kila mita 100 linazoshuka kwenda chini, na hapa sisemi mita za lami bali za kimo, linazalisha joto la kutosha kuchemsha lita 170 za maji. Karibu pipa zima la maji ya baridi linafika kiwango cha kuchemka, na bado hujamaliza mlima.

Joto hilo lazima liende mahali. Injini ikiwa kwenye gia ndogo, pamoja na ekzosi breki au ritada kama unayo, hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ukiinyima injini kazi, joto lote linaishia kwenye dramu na lainingi, na huko hufanya mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, lainingi hupoteza mshiko. Unakanyaga, inagusa dramu, lakini inateleza tu. Pili, dramu inatanuka. Chuma kikipata moto hukua, na dramu inapokua inaikimbia lainingi. Busta sasa inalazimika kusukuma mbali zaidi kuifikia.

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, hasa waliotoka kwenye gari dogo. Kwenye gari dogo linalotumia mafuta ya breki, breki zikilegea pedali huzama, na mguu wako unakuambia. Kwenye breki za upepo pedali ni valvu tu ya kufungulia upepo. Breki ziwe zimekazwa vizuri au zimelegea kabisa, pedali ni ile ile, laini vile vile. Mguu wako haukuambii kitu mpaka umechelewa. Ndiyo sababu lori lazima lipimwe kwa rula, wala si kwa hisia za mguu.

Pima mwendo wa pushirodi

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu wote, fanya hili. Ingia chini ya lori utazame busta, lile kopo la chuma lenye umbo la chungu lililofungwa karibu na kila tairi. Kutoka kwenye busta inatokeza fimbo ya chuma, pushirodi, ambayo imeshikana na mkono unaoitwa slaki. Upepo ukiingia kwenye busta, pushirodi hutoka nje, husukuma slaki, slaki inazungusha kamshafti, na kamu iliyo mwishoni inazipanua shuu mpaka lainingi ibane dramu. Mlolongo mzima unategemea umbali ambao pushirodi inasafiri.

Busta nyingi za ekseli za nyuma huitwa namba 30. Namba hiyo ni eneo la mpira wa ndani kwa inchi za mraba, na maana yake ni kwamba upepo ukiwa psi 100, busta moja inasukuma kwa nguvu ya karibu kilo 1,360. Ni nguvu kubwa, ila inapatikana ndani ya safari fupi tu. Busta ya kawaida ya namba 30 inaishiwa kabisa na safari kwenye inchi mbili na nusu, na kikomo cha kuirekebisha ni inchi 2, yaani milimita 51. Namba 24, ambayo hupatikana zaidi kwenye ekseli nyepesi, kikomo chake ni milimita 44. Zipo pia za safari ndefu, nazo zina kibandiko au alama yake. Za namba 30 za aina hiyo huruhusiwa kufika milimita 64. Soma maandishi kwenye busta yako kabla ya kupima.

Upimaji wenyewe hauhitaji gereji. Simamisha lori mahali tambarare, weka kabari mbele na nyuma ya matairi, kabari za kweli za mbao au chuma. Jaza upepo, kisha zima injini na uache geji ikiwa psi 90 hadi 100. Achia handibreki, maana ikiwa imefungwa springi zitakuwa zimeshaisukuma pushirodi na utapima uongo. Chora alama ya chaki kwenye pushirodi pale inapotokea kwenye busta. Mwambie utingo akanyage breki mpaka mwisho ashikilie. Sasa pima kutoka kwenye busta hadi kwenye chaki. Rudia kwa kila tairi, kichwa na tela, na uandike kwenye daftari, kwa sababu namba ya leo peke yake haina faida kama ile inayolinganishwa na ya wiki iliyopita.

Kumbuka kwamba umepima lori la baridi. Dramu ikipata moto mkali mlimani, safari hiyo inaweza kuongezeka hadi karibu sentimita moja. Pushirodi iliyosoma milimita 48 asubuhi inaonekana imefaulu, lakini katikati ya Kitonga itakuwa imepita kikomo na kukaribia ukingoni, na nguvu ya busta inayofika kwenye lainingi itakuwa inapungua. Mimi nisingeondoka na tairi lolote linalokaribia kikomo. Wala nisingeridhika na tairi moja kusoma milimita 30 na la upande wa pili 45: lori hilo litavuta upande mmoja, na tairi lililokazwa zaidi ndilo litakalochemka kwanza kwa kuwa linafanya kazi ya wawili.

Slaki za mkono unaweza kuzikaza mwenyewe ukiwa umefundishwa. Tairi likiwa na kabari na handibreki imeachiwa, bonyeza kifungio kwa spana ya pete, zungusha kuelekea upande ambao kamu huzunguka breki inapokanyagwa, kaza mpaka lainingi iguse dramu, kisha rudisha robo hadi nusu ya mzunguko. Pima tena. Hakikisha kifungio kimerudi mahali pake, la sivyo kila kitu kitajifungua njiani.

Slaki za otomatiki ni jambo jingine, na hapa mafundi wetu wengi wanakosea. Slaki ya otomatiki ikizidi kikomo, tatizo si kwamba imesahau kujikaza. Kuna kitu kimekufa: bushi za kamshafti zinacheza, pini ya pushirodi imeliwa, slaki yenyewe imeharibika ndani, au shuu hazikufungwa sawa. Ukiikaza kwa spana umeficha ugonjwa kwa siku mbili tatu, kisha inarudi pale pale, pengine ukiwa mlimani. Shika kamshafti kwa mkono uitikise juu na chini. Ikicheza waziwazi, hapo fundi ana kazi ya kufanya kabla hujapakia.

Malori mapya ya Ulaya mengi yana diski badala ya dramu. Hayo hayapimwi kwa njia hii. Tazama alama ya unene wa pedi na hali ya diski, na uiamini taa ya dashibodi inapowaka.

Upepo, maji na mafuta

Anza kila siku kwa kuachia maji kwenye matenki ya upepo. Kompresa inavuta hewa ya mahali ulipo, na hewa ya Dar es Salaam au Mombasa ina unyevu mwingi. Hewa ikibanwa inapata moto, ikipoa ndani ya tenki inaacha maji. Vuta kamba au fungua koki chini ya kila tenki, ukianza na lile la kwanza linalopokea upepo kutoka kwa kompresa, uache mpaka itoke hewa kavu. Tazama kilichotoka. Maji matupu machache si ajabu. Maji mengi kila asubuhi yanasema kwamba draya imechoka na katriji yake inahitaji kubadilishwa. Ukiona uji mweupe au wa kahawia wenye harufu ya oili, kompresa inapitisha oili, na oili hiyo inakwenda kula mipira ya busta na valvu zote zilizo mbele yake. Kubadilisha kompresa mapema ni nafuu kuliko kubadilisha valvu moja moja kwa mwaka mzima bila kujua kwa nini zinakufa.

Kisha jaribu uvujaji. Upepo ukiwa umejaa na injini imezimwa, achia handibreki na usikanyage kitu kwa dakika moja, ukitazama geji. Halafu kanyaga breki kwa nguvu, subiri ule mshuko wa kwanza utulie, shikilia dakika nyingine. Kiwango wanachofundishwa madereva Marekani kwa kichwa chenye tela ni kwamba geji isishuke zaidi ya psi 4 ndani ya dakika hiyo ya kukanyaga. Ikishuka zaidi, shuka ukasikilize. Utingo ashikilie pedali wewe uzunguke. Maji ya sabuni kwenye maungio yatakuonyesha tundu ambalo sikio limelikosa. Upepo unaovuja kwenye busta pale tu breki inapokanyagwa ni dalili ya mpira wa ndani uliopasuka au unaokaribia.

Baada ya hapo washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga na kuachia mara nyingi kuupunguza upepo. Taa na kengele ya upepo mdogo lazima zije kabla geji haijafika psi 60, yaani bar 4 hivi. Malori ya Ulaya mengi hulia mapema zaidi. Endelea. Kwenye malori yenye kitufe cha handibreki, kitaruka chenyewe mahali fulani kati ya psi 45 na 20. Kengele isipolia, usiseme utaitengeneza ukirudi. Nimeona malori ambayo waya wa kengele ulikatwa makusudi kwa sababu inapiga kelele. Kilichomkera dereva ni sauti, ila sauti hiyo ndiyo ilikuwa inamwambia ana dakika chache.

Usisahau mipira inayounganisha kichwa na tela. Isiguse chasisi, isiburute, na vichwa vyake viwe na raba nzima ndani. Ukishaunganisha tela, lifunge breki zake peke yake na ujaribu kulivuta taratibu kwa gia ndogo. Likikufuata, breki zake hazishiki. Kichwa kikichomoka peke yake, hukuliunganisha, ulililaza tu juu ya kichwa.

Ujanja unaoua

Kuna mambo yanafanywa kwenye gereji za njiani kwa jina la kumsaidia dereva afike. La kwanza ni kuziba busta. Mpira umepasuka, upepo unavuja, fundi anaziba mpira wa upepo kwa bolti na lori linaendelea. Lori la ekseli 7 lina breki 14, kwa hiyo dereva anajiambia amepoteza moja tu. Lakini tairi hilo bado limebeba tani zake, na breki zilizobaki zinagawana kazi yake na joto lake. Wiki ijayo inazibwa nyingine upande ule ule. Kuziba kunaruhusiwa kwa sababu moja: kulitoa lori barabarani mpaka mahali salama palipo karibu. Mteremko wowote ukiwa mbele yako, subiri busta mpya ije.

La pili ni kukata breki za mbele. Bado wako wanaoamini kwamba breki za mbele zinalifanya lori lipinduke au liyumbe. Lori likikanyagwa breki, uzito unahamia mbele. Ukikata breki za mbele umetupa sehemu ya breki zenye uzito wa kuzitumia. Lori likiyumba unapokanyaga, tafuta tairi ambalo halijakazwa sawa na mwenzake.

La tatu ni lainingi za bei ya chini zisizojulikana zilikotoka. Sina la kusema isipokuwa hili: badilisha pande zote mbili za ekseli kwa pamoja, za aina moja, na lainingi iliyofika unene wa milimita 6 mahali pembamba kabisa haina cha kusubiri. Iliyolowa grisi au oili haisafishwi kwa petroli ikarudi kazini. Itupwe, na oili sili iliyovuja ibadilishwe siku hiyo hiyo. Michirizi ya oili upande wa ndani wa rimu ndiyo barua ya kwanza ya oili sili; isome.

Vumbi la lainingi lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, na huwezi kujua kwa macho ipi inayo na ipi haina. Futa kwa kitambaa kibichi, na funika pua.

La mwisho linamhusu fundi mwenyewe. Busta za nyuma zenye sehemu mbili zina springi iliyobanwa kwa nguvu inayoweza kuua mtu. Sehemu hiyo haifunguliwi kamwe kwa nyundo na patasi, wala bendi yake haikatwi. Springi inafungwa kwanza kwa bolti yake maalumu, na busta iliyokufa sehemu ya springi inabadilishwa nzima. Tena, bolti hiyo ikishatumika kulisogeza lori lililoishiwa upepo, itolewe. Lori linalotembea likiwa na bolti ndani halina handibreki kabisa, na dereva wa zamu inayofuata hatajua.

Wapo pia wanaojituliza kwamba upepo ukiisha springi zitalisimamisha lori. Zitalisimamisha lililo tambarare na lililokazwa vizuri. Springi hizo zinasukuma pushirodi zile zile, kwenye lainingi zile zile. Kama dramu zimeshachemka na slaki zimelegea, springi nazo zitasukuma hewa.

Mlimani

Kabla ya Kitonga, kabla ya Inyala na Iwambi kule Mbeya, kabla ya Sekenke kwa wanaokwenda Rusumo au Mwanza, na kwa wenzetu wa Kenya kabla ya kushuka kutoka Sachangwan kuelekea Salgaa, simama. Dakika kumi zinatosha. Zunguka lori, gusa mipira ya upepo, tazama geji imejaa, sikiliza.

Chagua gia ukiwa bado juu. Wazee walitufundisha kushuka na gia ile ambayo ungepandia, na kwa malori ya zamani walikuwa sahihi. Injini za sasa zina nguvu sana, zinaweza kupanda na gia kubwa ambayo haitakusaidia chochote unaposhuka. Nenda chini zaidi ya unavyodhani. Ukishaanza kushuka usibadilishe tena: lori linaposukumwa na mzigo, gia ikitoka inaweza kukataa kurudi, na hapo umebaki frii bila kupenda.

Kuhusu wanaoweka frii kwa kupenda ili kuokoa dizeli: hesabu yao si sahihi. Injini ya kisasa ikiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye moto, mteremko ndio unaoizungusha, na mfumo unakata dizeli. Ukiweka frii, injini lazima ichome dizeli ili isizime. Kwa hiyo anayeshuka frii anatumia mafuta zaidi huku ametupa breki yake kubwa kuliko zote.

Breki za pedali zitumike hivi. Amua mwendo salama wa mteremko, tuseme kilomita 30 kwa saa. Ukifika 30, kanyaga kwa uthabiti mpaka ushuke kama 22, jambo la sekunde tatu hivi, kisha achia kabisa. Mwendo ukipanda tena hadi 30, rudia. Ukihitaji kukanyaga kila mara, gia yako ni kubwa mno. Simama mapema kama unaweza, ukiwa bado na breki za kusimamia. Usishikilie pedali kidogo kidogo mlima mzima. Kukanyaga hafifu kunaziachia kazi yote breki zilizokazwa zaidi, nazo huchemka wakati nyingine hazijaanza. Usitegemee pia handibreki ya tela peke yake kukipumzisha kichwa. Utaunguza tela, na matairi yake yatafuata.

Ukiona moshi au ukasikia harufu ya lainingi inayoungua, hiyo ni nafasi yako ya mwisho iliyo rahisi. Simama sasa hivi, kwenye nafasi ya kwanza pana. Weka kabari badala ya kutegemea handibreki, maana dramu yenye moto ikipoa huku imebanwa inaweza kupasuka au kupinda. Usiimwagie maji. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji hupasuka nyufa, na dramu yenye ufa unaofika ukingoni ni ya kutupwa. Subiri mpaka unaweza kuikaribishia mkono bila kuurudisha.

Na kama lori limeshakushinda, acha gia ilipo, usijaribu kutafuta nyingine. Usipigepige pedali, unamaliza upepo. Washa taa, piga honi bila kukoma, vuta handibreki taratibu mwendo ukiwa bado mdogo, na amua mapema ni wapi utaliweka: upande wa mlima, kwenye mchanga, kwenye mtaro. Kila sekunde unayosubiri ikusaidie bahati, mwendo unaongezeka. Mtaro wa kilomita 40 kwa saa unapona. Kona ya 90 huponi.

Chini ya mlima, na mabovu mengine

Ukifika chini, zunguka matairi. Kipima joto cha kuelekezea ni kizuri kama tajiri amenunua, na hakina bei ya kumshinda mwenye lori. Bila hicho, sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Tafuta ile isiyofanana na wenzake. Iliyo baridi haikufanya kazi hata kidogo. Iliyo moto kupita zote ama imekazwa mno, ama haiachii, ama beringi yake inakufa. Gusa kofia ya habu, ikiwa nayo inaunguza wakati ulikuwa tambarare bila kukanyaga sana, usiendelee mpaka beringi itazamwe.

Mabovu mengine yanayolisimamisha lori ni ya kawaida na nitayapita haraka. Rejeta na mkanda wa feni vitazamwe injini ikiwa baridi. Kitenganishi cha maji na dizeli kiachiwe maji kila siku, hasa unaponunua mafuta vituo usivyovijua. Nati za tairi lililobadilishwa zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Mstari wa kutu unaotiririka kutoka kwenye nati ni dalili kwamba inacheza. Matairi ya pacha yawe na upepo sawa, maana lililo laini linamwachia mwenzake mzigo mpaka wote wawili wanapasuka. Propela shafti ipewe grisi. Hayo dereva mwenye daftari hayamsumbui.

Kwako tajiri: dereva unayempa ratiba isiyo na dakika ya kupima hawezi kupima. Posho ya safari inayokatwa kwa kila saa anayochelewa humfundisha kutosimama juu ya Kitonga. Ukitaka breki nzima, lipia muda wa ukaguzi kama unavyolipia dizeli, na mpe dereva haki ya kukataa kupakia.

Likikufia barabarani, litoe lori lote nje ya lami kama linatoka. Weka kabari, kisha pembetatu za kuakisi mwanga mbali nyuma na mbele ya lori, mbali zaidi ukiwa kwenye kona au usiku. Matawi ya miti ni nyongeza, hayachukui nafasi ya pembetatu. Na ukishamaliza matengenezo, kabla hujawasha injini, mtume utingo aokote kila jiwe na kila tawi mliloweka, amwage mchanga juu ya oili iliyodondoka. Anayekuja nyuma yako saa tano usiku kwa bodaboda haoni jiwe hilo mpaka tairi la mbele limelipanda.